Rejesho la Kadi ya Mkopo Likichelewa: Tathmini ya Benki Moja ya Dodoma na Wakala Wake wa Kukusanya Madeni

Wengi wanaoandika kuhusu kadi za mkopo hapa nchini hutathmini siku za neema tu: kadi ilitoka kwa muda gani, kikomo chake ni kiasi gani, ilikubalika hoteli ipi, na kama ilifaa kukata tiketi ya ndege au kuagiza bidhaa kutoka nje. Mimi nataka kutathmini upande ule ambao hautajwi kwenye vipeperushi, yaani namna mteja anavyohudumiwa pale marejesho yake yanapokwama. Nayo ni huduma kama nyingine, kwa sababu mteja anailipia kwa riba na faini, tena kwa bei kubwa kuliko ile aliyokuwa akilipa alipokuwa anarejesha kwa wakati. Benki ninayoizungumzia ina tawi katikati ya jiji la Dodoma, na wakala aliyekabidhiwa deni langu ni kampuni ya binafsi. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa visa vinavyofanana na changu nimevisikia pia kwa wateja wa benki nyingine, na nia yangu ni kueleza utaratibu ulivyo na mahali unapopinda.

Ninaendesha huduma ya chakula kwa mikutano na semina, kazi iliyopanuka sana tangu wizara zihamie Dodoma na Mji wa Serikali wa Mtumba uanze kujaa watumishi. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba chakula huliwa leo na fedha huja baadaye, na wakati mwingine baadaye sana, hasa mkutano unapofanyika karibu na tarehe 30 Juni, mwaka wa serikali wa fedha unapofungwa, kisha ankara ikavuka na kuingia mwaka mpya ambao nao una foleni yake ya malipo. Kadi ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo hilo. Sokoni Majengo hakuna anayekupokelea kadi kwa nyanya na vitunguu, kwa hiyo niliitumia kwa mafuta ya gari, kwa bidhaa za maduka makubwa na kwa vyombo vya kutunzia chakula kikiwa moto nilivyoagiza, ili fedha taslimu zibaki kwa ajili ya sokoni na kwa vijana wa kazi. Taasisi moja ilipochelewa kunilipa kwa miezi kadhaa, rejesho la kadi likapita bila kulipwa, kisha la pili likalipwa nusu, na la tatu likapita kama la kwanza.

Kabla ya kumhukumu mtu yeyote ni vyema kueleza deni la kadi linavyokua, kwa sababu halikui kama mkopo wa kawaida wenye fungu moja la kila mwezi. Kwa kawaida ukilipa salio lote la mwezi kufikia tarehe ya mwisho, manunuzi yako hayatozwi riba. Usipolipa lote, unatakiwa angalau ulipe kiwango cha chini, na salio linalobaki linaanza kutozwa riba. Fedha taslimu zilizotolewa kwenye mashine kwa kadi hiyohiyo hazina muda wa neema hata kidogo, riba yake huanza kuhesabiwa siku ileile. Tuchukue mfano wa deni la shilingi 1,000,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi na kiwango cha chini cha asilimia 5. Utalipa 50,000, lakini 30,000 kati ya hizo zinamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa 20,000 tu. Usipolipa kitu, inaongezwa riba ya 30,000 na faini ya kuchelewa, tuseme 20,000, hivyo mwezi unaofuata unadaiwa 1,050,000 bila kununua hata kiberiti, na riba mpya inapigwa juu ya jumla hiyo. Viwango hivi ni vya mfano, kila benki ina vyake, lakini hesabu inakwenda hivyohivyo. Ukifika siku 90 bila kulipa, mabenki huuhesabu mkopo wako kuwa chechefu, yaani usiorejeshwa ipasavyo, na hapo ndipo faili hutoka mezani kwa afisa mikopo na kuhamia kwa watu wa kukusanya.

Kwa kitengo cha benki chenyewe nina sifa zaidi ya lawama. Ujumbe wa kukumbusha ulifika siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, na rejesho la kwanza lilipokosekana alinipigia dada mmoja aliyejitambulisha kwa jina na kwa tawi, akataja tarakimu nne za mwisho za kadi, akauliza nategemea kulipwa lini na nani, kisha akaniomba nimtumie nakala ya ankara ambayo taasisi ilikuwa haijailipa. Hakunikaripia wala kunibembeleza. Kasoro ilikuwa kwamba hakuwa na mamlaka yoyote. Kila nilichoomba, iwe ni kusogeza tarehe, kusimamisha faini au kugeuza deni kuwa mkopo wa mafungu, kilipelekwa makao makuu Dar es Salaam, na huko majibu yalirudi kwa barua pepe yenye maneno yaleyale ambayo bila shaka hutumwa kwa kila mtu. Hata nilipolipa nusu, fedha zile zilikatwa faini kwanza, kisha riba, na kilichobaki ndicho kikaenda kwenye deni. Mkataba unasema hivyo na sina ugomvi nao, ila mteja anayelipa kidogokidogo kwa moyo mweupe anapaswa kuelezwa mapema kwamba deni lake halitapungua kwa kasi anayoitarajia.

Kisha wakala akaingia.

Simu ya kwanza ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mkononi, na kijana aliyepiga alianza kwa adabu zote: "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, na kabla sijauliza anatoka wapi akanieleza kwamba jina langu liko kwenye orodha ya wadaiwa sugu, kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba nisipolipa kufikia jioni watakuja na dalali kubeba vyombo. Dawa ya deni ni kulipa kweli, wala sikuwahi kusema vinginevyo. Nilichotaka kujua ni namlipa nani, kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Nilimwambia, "Mwanangu, niletee barua ya benki inayoonyesha kwamba mmekabidhiwa deni hili, ndipo tuzungumze." Akajibu kwamba barua hazina haja kwa sababu tayari ana taarifa zangu zote. Jibu hilo lilinitia shaka kuliko vitisho vyenyewe, kwa kuwa hata tapeli ana taarifa za watu.

Baada ya kung'ang'ania, barua ikaja, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Ilikuwa na nembo ya kampuni ya wakala lakini haikuwa na tarehe. Haikutaja namba ya kadi, hata zile tarakimu nne za mwisho. Kiasi kinachodaiwa kiliandikwa kwa namba moja ya jumla, bila kutenganisha deni la msingi, riba na faini, na chini yake kulikuwa na mstari wa "gharama za ufuatiliaji asilimia 10". Mwishoni kabisa, mahali ambapo mtu angetarajia namba ya akaunti ya benki, paliandikwa namba ya simu ya kulipia yenye jina la mtu binafsi. Nilikwenda tawini siku hiyohiyo kuomba taarifa ya kadi, na tofauti kati ya karatasi hizo mbili ilizidi shilingi 200,000. Katika mkataba wangu hapakuwa na kifungu chochote cha gharama za ufuatiliaji za asilimia 10. Ninamshauri kila anayepokea barua ya aina hii asilipe hata shilingi moja kwa namba ya mtu binafsi, hata kama mwenye namba hiyo ni mkusanyaji halali, kwa sababu fedha isiyoingia kwenye akaunti ya kadi haipunguzi deni, na risiti ya simu yenye jina la mtu haitakusaidia mbele ya benki.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni simu zilizopigwa kwa watu wengine. Nilipoomba kadi, fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika mtu wa karibu anayeweza kupatikana endapo mteja hapatikani, nami nikaandika namba ya dada yangu aliyeko Kondoa. Dada si mdhamini wangu, hakusaini chochote, na mimi nilikuwa ninapatikana kila siku. Wakala alimpigia akamwambia mdogo wake anatafutwa, akamtaka anishawishi nilipe au alipe yeye kulinda heshima ya familia. Siku chache baadaye mwenyekiti wa mtaa naye akapigiwa. Mdhamini ni mtu aliyekubali kwa saini yake kubeba deni mkopaji akishindwa. Mtu wa mawasiliano hadaiwi kitu, wala hapaswi kuambiwa kiasi cha deni la mwenzake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Taarifa nilizotoa kwa ajili ya kupata kadi hazikutolewa ili zitangazwe mtaani.

Hapa niingize neno kuhusu ushauri unaosambazwa kwenye makundi ya simu. Wapo wanaotumiana barua za mfano zilizonukuliwa kutoka Marekani, ambako sheria ya mwaka 1977 inamzuia mkusanya madeni kumpigia mdaiwa kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na inampa mdaiwa siku 30 za kupinga deni kwa maandishi. Ni sheria nzuri, lakini mtu wa Ipagala hapa Dodoma akimtajia wakala wa hapa kifungu cha Marekani anajipotezea muda na anampa mwenzake sababu ya kucheka. Vya kwetu vipo na vinatosha kuanzia. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha mwaka 2019, zinazozitaka taasisi za fedha kumtendea mteja kwa haki, kumweleza gharama kwa uwazi na kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kwa wanaokopesha kupitia programu za simu ulitoka mwongozo wa Agosti 2024 unaokataza kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya namba za mkopaji, na Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya kadi za benki, lakini mtu hahitaji kuwa mwanasheria kuona kwamba benki yenye leseni haifai kufanya kupitia wakala kile ambacho mkopeshaji wa simu amekatazwa.

Kuhusu dalali na vyombo, tishio lile lilikuwa la mdomoni tu. Deni la kadi yangu halikuwa na dhamana, hivyo anayetaka kukamata mali anapaswa kwanza kufungua shauri la madai, kupata hukumu, na kuomba utekelezaji wake. Anayekuja kukamata ni dalali wa mahakama mwenye hati ya mahakama mkononi, si kijana wa wakala mwenye gari la kukodi. Tena Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina orodha ya mali ambazo hazikamatwi hata baada ya hukumu, na miongoni mwake ni nguo, vitanda na vyombo vya kupikia vya lazima vya mdaiwa na familia yake. Masufuria ya biashara ni hoja nyingine, nami sikutaka kuyajaribu mahakamani, lakini sufuria ya nyumbani haimhusu mtu. Watumishi wa umma, ambao ndio wengi katika jiji hili, nao hutishwa kwamba mshahara wote utazuiwa, ilhali makato yana mpaka na mtumishi anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Haya siyasemi ili mtu akae na deni akijificha nyuma ya sheria. Riba inaendelea kuhesabiwa wakati wewe unajificha.

Malalamiko yangu niliyaandika kwa barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa tawi, nikaambatisha taarifa ya kadi na barua ya wakala, nikapigia mstari tofauti ya kiasi, nikaeleza simu zilizopigwa Kondoa na kwa mwenyekiti, na nikaomba mambo matatu: mchanganuo wa deni, kuondolewa kwa gharama zisizo kwenye mkataba, na simu za ndugu zikome. Chini niliandika kwamba nakala imekusudiwa Dawati la Malalamiko la Benki Kuu endapo sitajibiwa. Sisi wa Dodoma tuna urahisi ambao wateja wa mikoa mingine hawana, kwani makao makuu ya Benki Kuu yako hapahapa mjini, na nadhani mstari huo mmoja ulisomwa kwa makini kuliko barua nzima. Nakala yangu niliigonga muhuri wa kupokelewa kabla sijatoka mapokezini, na hilo nalisisitiza, kwa kuwa barua isiyo na muhuri ni rahisi kuambiwa haikufika. Majibu yalikuja kwa maandishi. Gharama za asilimia 10 zilifutwa, mchanganuo ukatolewa, na simu kwa ndugu zikakoma. Radhi sikuombwa, waliandika tu kwamba wakala "amekumbushwa taratibu".

Baada ya hapo nikakutana na upande mwingine wa wakala huyohuyo, na haki inanidai niueleze. Badala ya kijana wa simu alitumwa mzee mmoja wa makamo, akaja jikoni kwangu, mtaani Kisasa, mchana, akiwa na kitambulisho kifuani na barua ya benki yenye tarehe na tarakimu nne za kadi. Alisubiri nimalize kufunga chakula cha mteja, akakubali chai, kisha akatoa kalamu na kuniuliza ni wateja gani ninawadai na nani kati yao analipa upesi. Hakutaja dalali hata mara moja. Tulipanga mafungu yanayofuata mzunguko wa malipo yangu, makubwa kwenye miezi ninayotegemea ankara kulipwa na madogo kwenye miezi mikavu, akakataa kupokea fedha taslimu, akaniandikia akaunti ya kadi ili nilipe tawini au kwa simu moja kwa moja benki. Mapendekezo yale aliyapeleka benki yeye mwenyewe, na yakakubaliwa pamoja na kusimamishwa kwa faini muda wote ninapolipa kwa wakati. Yaani mzee mmoja mwenye subira alileta fedha ambazo idara nzima ya simu ilishindwa kuzileta, na sielewi kwa nini kampuni ile haimtumi yeye kwanza.

Deni lilipokwisha, kilichobaki ni karatasi. Barua ya kumaliza deni haikuletwa mpaka nilipoiomba, na ilichukua muda kuliko ilivyochukua kadi yenyewe kutoka. Usiondoke bila barua hiyo, na uhakikishe imetaja kwamba salio ni sifuri na kwamba kadi imefungwa, kama umeifunga. Ni muhimu pia kuomba taarifa yako ya mikopo kutoka kampuni ya taarifa za wakopaji, kama Creditinfo au Dun & Bradstreet, ambazo zina leseni ya Benki Kuu na hupokea taarifa za wakopaji kutoka mabenki. Taarifa yangu iliendelea kunionyesha ninadaiwa baada ya kumaliza, na nilipoomba mkopo mdogo wa jokofu mahali pengine nikaulizwa swali ambalo nilidhani nimelizika. Benki ilirekebisha nilipoipelekea nakala ya barua yake yenyewe.

Kwa kulinganisha, wenzangu wawili wanaouza chakula karibu na stendi ya Nzuguni waliziba pengo kama langu kwa mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, na mmoja wao alichukuliwa friji bila hati yoyote. Mbele ya hayo, benki inabaki kuwa mahali salama zaidi pa kudaiwa: kuna mkataba, kuna taarifa ya akaunti, na kuna mtu wa kumlalamikia. Kitengo cha ndani cha benki nakipa nyota nne kati ya tano, na ya tano naizuia mpaka afisa wa tawi apewe uwezo wa kuamua jambo. Wakala kwa simu na barua zake nampa nyota moja. Mzee wa jikoni ningempa tano, ila mteja hachagui nani atakayepewa faili lake, kwa hiyo alama ya wakala kwa ujumla inabaki mbili.